Mwindaji Hutoa, au Hudaiwa?

Hapa Nakuru, Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, wanapotajwa, hakosekani mtu wa kusema kuwa wazee wao waligawana nyama na asali kwa sababu walituzidi kwa wema. Sifa hiyo inapendeza, lakini haifafanui lolote.

Maelezo yaliyozoeleka ya kwa nini mwindaji hugawa nyama ni ya akiba. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliowachunguza Wahadza, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, waliona kuwa mwindaji hukosa mnyama mkubwa katika takriban siku 97 kati ya 100. Anayebahatika kumwangusha pofu hupata nyama ambayo nyumba yake haiwezi kuimaliza kabla haijaoza. Basi huiweka, kana kwamba, katika tumbo la jirani, ili naye alishwe zamu ikigeuka. Hoja hii ina nguvu, ila inahitaji zamu igeuke kweli, ilhali wapo mahodari wanaotoa mwaka hadi mwaka na wavivu wa upinde wasionyimwa. Ndiyo maana Hawkes alidai kuwa mwindaji hutafuta jina. Wanaanthropolojia Brian Wood na Frank Marlowe walilipinga dai hilo mwaka 2013 kwa kuonyesha kuwa nyumba ya mwindaji hubaki na fungu kubwa kuliko za wengine. Tena, miongoni mwa Waju/'hoansi, wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, aliyeua hukebehiwa asije akajivuna, na mwenye nyama ni mwenye mshale, ambaye huenda hakutoka kambini.

Nadhani swali lenyewe limeulizwa kinyume. Badala ya kuuliza kwa nini mwindaji hutoa, tuulize angewezaje kunyima. Mwanaanthropolojia James Woodburn alieleza kuwa kwa Wahadza anayeomba nyama hudai haki yake, wala habebi deni kwa kupewa; na pale ambapo kila mwanamume ana upinde, kumnyima mwenye njaa si jambo dogo. Lakini maelezo haya nayo yana pengo: kama kila kitu kingechukuliwa, nani angejisumbua kuamka alfajiri? Hapo fungu lile kubwa la nyumbani linarudi kuwa sehemu ya jibu.

Asali ya Mau ndiyo inayonitatiza zaidi. Haiozi kama nyama, mzinga una mwenyewe, na bado Waogiek huitoa katika mahari na kuipika pombe ya sherehe, mahali ambapo hakuna mwenye njaa anayedai.