Heda za kujitungia kwenye diski pepe: karatasi anabaki nayo nani?

Faili la diski pepe lilikuwa la gigabaiti 20, seva iko Dar es Salaam, na laini yetu hapa Shangani, Mtwara, siku ikiwa njema inavuta megabiti 10 kwa sekunde. Piga hesabu: zaidi ya saa nne kulishusha lote. Mimi nilitaka mashine pepe ya mafunzo, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, isome vipande inavyovihitaji tu, moja kwa moja kutoka kwenye seva. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, inaliweza hilo. Ina draiva inayotumia maktaba ya curl, inayoomba baiti kuanzia hapa hadi pale, na seva hujibu kwa namba 206 na kutoa kipande hicho tu.

Seva ile ikagoma. Ilitaka kila ombi lije na heda yenye tokeni, yaani msimbo wa siri wa kuthibitisha ruhusa, na draiva niliyokuwa nayo ilijua jina la mtumiaji, nywila na kuki, basi.

Heda ni mistari inayotangulia ombi la HTTP: nani anaomba, anataka nini, ana ruhusa gani. Kwetu huku tungesema ni karatasi mkononi mwa dereva wa lori la korosho. Lori ni lilelile na magunia ni yaleyale, lakini bila karatasi mlinzi wa ghala hafungui geti. Ubishi uliopo kati ya watu wa mashine pepe ni huu: je, programu ya diski imruhusu mtumiaji aandike heda yoyote aitakayo?

Wanaotaka iruhusu wana hoja nzito. Seva za siku hizi hazitegemei tena jina na nywila peke yake. OpenStack, programu ya kuendeshea wingu, hutumia heda iitwayo X-Auth-Token, na huduma nyingi za wingu hudai tokeni ya aina ya Bearer. Halafu curl yenyewe inakubali heda za kujitungia tangu zamani, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupitisha tu kile mtumiaji alichoandika. Na kuki ni nini kama si heda? Ukishaikubali moja, unawakatalia wenzake kwa sababu gani?

Kuna wanaosema tumia kiungo kilichotiwa sahihi, kama vile vya S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, ambavyo vinaweza kuishi hadi siku 7 bila heda yoyote. Nimejaribu. Shida ni kwamba draiva ya QEMU kwa kawaida huanza na ombi la HEAD ili kuuliza ukubwa wa faili, na kiungo kilichosainiwa kwa GET, ombi la kusoma faili lenyewe, hakikubali HEAD. Unapata 403, yaani umekataliwa, kabla hujasoma hata baiti moja.

Sasa upande wa pili, ambao mwanzoni niliudharau.

Heda si zote sawa. Mtumiaji akiandika Range yake mwenyewe, heda inayotaja baiti zinazoombwa, curl huipa hiyo kipaumbele na kuiacha ile ya draiva. Maana yake kila draiva inapoomba sehemu nyingine ya diski, seva inarudisha kipande kilekile. Akiandika Accept-Encoding ya gzip, seva inaweza kurudisha baiti zilizobanwa, na hakuna wa kuzifungua. Mashine pepe inazimeza kama data ya kawaida. Kwenye ukurasa wa wavuti kosa kama hilo unaliona kwa macho. Kwenye diski unaona mfumo wa mafaili umevurugika, na utatafuta mchawi wiki nzima.

Kubwa zaidi ni kuelekezwa kwingine. Draiva hiyo hufuata yenyewe pale seva inaposema "nenda kwa fulani". Hadi Januari 2018, toleo la 7.58.0 lilipotoka, curl ilikuwa ikibeba heda ya Authorization iliyoandikwa kwa mkono na kumkabidhi hata huyo mwenyeji wa pili. Hiyo ilizibwa. Lakini heda yenye jina jingine, mfano hiyo X-Auth-Token, curl haijui kuwa ni siri, kwa hiyo huendelea nayo. Lori limegeuzwa njia, karatasi ya ghala imeishia mikononi mwa mtu usiyemjua. Na ukiandika tokeni kwenye mstari wa amri, yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo anaweza kuiona akiorodhesha programu zinazoendesha.

Hata hivyo, hoja iliyonigeuza mimi ni ya muda. Tokeni za Docker Hub, ghala la mtandaoni la programu, huisha baada ya dakika 5. Kila kipande cha diski ni ombi jipya, na kila ombi hukaguliwa upya. Mwenye laini ya kasi akinakili faili dogo, heda moja isiyobadilika inamtosha. Anamaliza kabla tokeni haijafa. Kwetu Mtwara itakufa ikiwa imefika sehemu ndogo tu ya hizo gigabaiti 20. Anayeendesha mashine pepe wiki nzima juu ya diski hiyo hana matumaini kabisa, awe Mtwara au Marekani.

Kwa hiyo nakubali heda ziingizwe, ila si kama sanduku wazi la maandishi. Thamani yake ipite kwenye utaratibu wa siri ambao QEMU tayari inautumia kwa nywila, heda kama Range zikataliwe mapema, na siri isimfuate mwenyeji mpya. Bila njia ya kuihuisha tokeni, hata hayo yote yatawafaa wanaonakili tu.

Kwa sasa nimehamia programu iitwayo nbdkit. Inakaa katikati, inaongea HTTP na seva kwa upande mmoja na kuipa QEMU diski kwa upande mwingine. Ina header-script, hati fupi niliyoipanga iitwe kila baada ya sekunde 290 kuleta tokeni mpya, na unaweza kuizuia isifuate pale seva inapoielekeza kwingine. Gharama yake ni programu ya pili ya kulea: umeme ukikatika na kurudi, lazima nbdkit iamke kwanza, vinginevyo mashine pepe inaikosa diski yake. Mara mbili nimetoka nyumbani usiku kwenda kuiwasha kwa mkono.