Kodi ya Kodi

Mimi ni kinyozi. Fremu yangu ipo Chang'ombe hapa Dodoma, viti viwili, kimoja kinazunguka na kingine kiligoma mwaka juzi, kioo kimoja kikubwa ambacho nitawaeleza habari zake, mashine mbili na redio ambayo toka niinunue haijawahi kuzimwa. Mtu mzima 2,000, mtoto 1,000, na wale wa "fundi nitakutumia jioni" ni bure maana hiyo jioni yao haijawahi kufika.

Mnaokaa mbali mnadhani sisi wa Dodoma tunafaidi kukaa na Bunge. Tunafaidi nini? Bunge la bajeti likianza mji unajaa, gesti zinapanda bei, mishikaki inapanda bei, mimi peke yangu ndio sipandi maana kichwa ni kilekile. Sheria inatungwa pale, kutoka kwangu ni bajaji tu unafika, alafu mimi ndio mtu wa mwisho kujua. Sheria ya Fedha inapita mwezi wa sita, tarehe 1 Julai inaanza kazi, mimi napata habari mwezi wa tisa nikiwa tayari nadaiwa.

Sasa balaa langu lilianzia kwenye redio. Ilikuwa 2022, nanyoa dereva wa mheshimiwa mmoja, mtangazaji akasema kuna Sheria mpya ya Uwekezaji, ile ya 1997 imefutwa, na mwekezaji wa ndani amepunguziwa masharti, zamani mtaji ulikuwa dola 100,000 sasa ni dola 50,000 unapata cheti cha vivutio, yani nafuu za kodi. Nikazima mashine. Dereva akaniangalia kwenye kioo, "fundi, si ndio wewe huyo wa ndani?" Nikasema ndio mimi, ndani zaidi yangu nani, mama yangu kazaliwa Kongwa. Tukazidisha kwenye simu, ikatoka zaidi ya milioni mia. Nikapiga hesabu nikinyoa bila kula, bila kulipa pango, bila mtoto kuumwa, hiyo hela naipata baada ya miaka zaidi ya ishirini, na hapo nimedhani nywele zitaendelea kuota na vijana hawatahamia kwenye vipara vya wembe nyumbani kwao. Dereva akaondoka na punguzo la mia tano. Mimi punguzo langu sikuliona.

Basi nikajua uwekezaji sio wa kwangu, mimi ni mfanyabiashara mdogo. Ni hivi, wakitaja vivutio mimi mdogo mno siwafikii, wakitaja madeni wananiona toka barabarani.

Akaja kijana wa mapato, mpole kweli, kavaa moka safi, zikaingia vumbi la kwetu nikamuonea huruma. Akaniita kaka. Akaniuliza mauzo ya mwaka. Nikamwambia sijui. Akasema kaka, ukiuza chini ya milioni 4 kwa mwaka hulipi kodi ya mapato kabisa. Nikasema mimi niko hapo hapo, chini kabisa, tena chini ya chini. Akageuka akaangalia benchi. Siku hiyo kulikuwa na watu sita wamekaa, na mimi miaka yote naombea benchi lijae, yani siku hiyo nilitamani nusu yao wazimie. Wawili wala hawakuwa wateja, walikuja kuchaji simu, lakini utamwelezaje mtu mwenye kishikwambi mkononi.

Akapiga hesabu zake, akasema wewe uko kati ya milioni 4 na 7. Nikamuuliza kwa hiyo inakuwaje, akasema inategemea, una kumbukumbu? Nikasema ninazo nzuri sana, nakumbuka mpaka darasa la pili. Akacheka, akasema za mauzo kaka, daftari. Asiye na daftari kwenye kundi hilo analipa 100,000 kwa mwaka, mwenye daftari analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 tu, na inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na wanaangalia mauzo, sio faida. Hilo la mauzo sio faida nililimeza kama dawa ya minyoo, nikarudi kwenye daftari. Maana yake nikiuza milioni 5.4, mwenye daftari analipa 42,000 na asiye nalo laki. Daftari la 1,500 linaokoa 58,000! Toka nizaliwe sijawahi kukutana na biashara yenye faida kama hiyo, huo ndio uwekezaji sasa.

Nikanunua daftari, kaunta buku, lile gumu la mistari myekundu. Nikaanza. Ila hebu niambieni, kinyozi anaandika nini? Muuza duka anaandika sukari kilo mbili, unga kilo tano. Mimi naandika "kichwa 1". "Kichwa 1, kikubwa." "Kichwa 1, mtoto, alilia." "Ndevu tu." "Kichwa 1, deni, yule wa bodaboda nyekundu." Miezi mitatu nimeandika vichwa mpaka usiku naviota.

Kosa langu ni moja, nililipeleka daftari nyumbani.

Mama Neema ni mwanamke mtulivu, anauza vitumbua asubuhi, hesabu alizifahamu toka kwao. Kwa miaka nane nimekuwa nikimwachia 4,000 kila siku namwambia kazi imekuwa ngumu mama, watu hawanyoi, wanasuka. Jioni moja natoka kuoga nakuta amekaa na daftari, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Akaniuliza, "Baba Neema, jumatatu ya wiki iliyopita uliniambia ulinyoa watu wawili." Nikasema ndio. Akasema, "hapa naona vichwa tisa." Nikaanza kueleza umeme, nikaeleza ada ya taka, nikaeleza spiriti ya kusafishia mashine, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema wastani wako ni elfu kumi na tano kwa siku, makadirio yako mapya ni elfu nane, yanaanza kesho.

Hiyo kesho yenyewe hakunipa nafasi ya kukata rufaa. Yule kijana wa moka safi awamu zake nne kwa mwaka, huyu wa nyumbani awamu thelathini kwa mwezi, na Februari hanipunguzii maana anasema watoto hawali kwa kalenda. Na akalichukua daftari. Sasa hivi yeye ndio mtunza kumbukumbu, jioni anapita kwenye fremu analijaza mwenyewe, anahesabu nywele zilizoko chini kama ushahidi. Nikisema wamekuja watano anaangalia sakafu anasema hii sio nywele ya watu watano.

Turudi kwenye kioo. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma mnaujua, unabeba vumbi na mifuko na wakati mwingine kuku. Jamaa mmoja na IST yake anarudi nyuma haoni kitu, akaingia mlangoni kwangu matako ya gari kwanza, kioo kikapasuka katikati juu mpaka chini. Akashuka anatabasamu, "usijali kaka, nina bima." Nikaangalia namba ya gari kwenye simu, kweli bima ipo hai, ile ndogo, thadi pati, ya 118,000 yani laki moja na VAT yake ya asilimia 18. Mimi siku zote nilidhani thadi pati ni bima ya watu wasio na hela. Jamaa akanielewesha, yeye ndio wa kwanza, kampuni ndio wa pili, na yule anayegongwa ndio wa tatu. Kwa hiyo gari lake likiharibika ni juu yake, lakini mimi nalipwa. Aisee nilisimama kwenye vioo vilivyopasuka najisikia vizuri. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa tatu na hakuna aliyewahi kuniambia kuna hela.

Trafiki akaja akapima, akachora, fomu zikajazwa, nikaenda kwenye kampuni yenyewe, jina nawaachia wenyewe. Dada wa mapokezi akaniuliza thamani ya kioo. Nikasema 165,000. Akasema sawa, risiti. Hapo ndipo nilipokumbuka siku naenda kununua. Muuzaji aliniambia kwa lugha ya upendo kabisa, "na risiti 180,000, bila risiti 165,000, chagua mwenyewe." Nikachagua kwa akili zangu timamu, nikatoka pale naona nimewapiga wote, muuzaji na serikali. Na ni kosa kisheria mnunuzi kutodai risiti, imebandikwa kwenye maduka kibao, mimi nilikuwa nasoma kama mapambo.

Nikarudi kwa muuzaji. Akasema hamna neno, ongeza ile 15,000. Nikaongeza. Mashine yake ya EFD, ile ya risiti za kodi, ikatema risiti safi, nikaikimbiza kwa yule dada. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaniuliza kwa upole kama daktari, "kaka, ajali ilikuwa tarehe ngapi?" Ile mashine hainaga kumbukumbu ya zamani, inaandika siku ileile ya leo. Kwa karatasi yangu mwenyewe nilinunua kioo wiki mbili baada ya kuvunjika.

Mwenye IST akanipa elfu hamsini na pole. Kioo nimekiunga kwa gundi, mteja akikaa anajiona vichwa viwili. Nimejaribu kuchaji viwili wamekataa.

Lakini yote hayo ni kidogo. Subirini kodi ya kodi.

Mwenye fremu wangu ni mzee mmoja Mgogo, mtu mzima wa heshima, ana fremu nne na mbuzi wasio na idadi. Tunapendana sana ukitoa miezi miwili kwa mwaka ya kulipa pango. Pango langu ni 60,000, analipwa miezi sita kwa mpigo, 360,000. Juzi kijana wa moka safi amerudi, ananiambia kaka, ukiwa mpangaji wa biashara unatakiwa ukate asilimia 10 ya kodi ya pango uipeleke serikalini, hiyo ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba, wewe ni wakala wetu tu wa kuzuia. Nikamwambia ndugu yangu, mimi nizuie hela ya yule mzee? Unamfahamu? Akasema usipozuia, sheria inakudai wewe.

Na tayari namlipia ya jengo. Fremu nne zina mita nne, ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, ilizichungulia mita zote ikapenda ya kwangu.

Basi mzee akaja jumamosi, kunyoa ndevu na kuchukua chake, vyote kwa pamoja. "Mbukwa," akanisalimia Kigogo, nikamjibu, nikamkalisha kwenye kiti kinachozunguka, nikampaka povu. Nikaona huu ndio wakati, mtu mwenye povu mdomoni na wembe shingoni hawezi kubisha sana.

"Mzee, kuhusu kodi."

"Umeleta?"

"Kuna kodi kwenye kodi."

"Kodi gani?"

"Ya serikali. Kwenye kodi yako ya elfu mia tatu sitini nakata kodi elfu thelathini na sita, hiyo ni kodi ya kodi, tunailipia kodi."

Akakaa kimya. Povu linashuka. "Mwanangu," akasema, "hiyo ya kwanza ni ipi?"

"Ya kwako."

"Na ya pili?"

"Ya kwako pia, ila mimi naipeleka serikalini."

"Sasa kama zote ni za kwangu, mbona moja siioni?"

Nikamweleza tena. Nikachora kwenye povu la shavuni kwake, huku tisini, huku kumi. Mama Neema alikuwa amekaa benchini na daftari lake, kimya, anasikiliza. Mzee akajifuta mwenyewe upande mmoja, ndevu za upande wa pili zikiwa bado ziko, akaniomba simu, akabonyeza kikokotoo taratibu kwa kidole kimoja, akanirudishia.

"Sheria ni sheria," akasema. "Kata hiyo kumi yako. Ila kuanzia leo pango ni elfu sitini na saba, ili ukishakata mimi nibaki na sitini yangu."

Nikamgeukia mke wangu aniokoe, maana hesabu ni zake. Ameshafungua ukurasa mpya. Akaandika pango 67,000, akapiga mstari, akaandika zuio, akapiga mstari, akaniambia nitafute mteja mmoja zaidi kwa wiki kufidia. Mzee akasimama na ndevu zake za upande mmoja, akavaa kofia, akaaga vizuri tu, akatoka bila kulipa.

Mama Neema akamwangalia mpaka amekata kona, akainama akaandika: "Ndevu nusu, mzee, deni."