Ripoti Inasema Sawa, Faili za Mhasibu Hazimo

Wiki iliyopita nilioneshwa ripoti za Bacula, programu ya kuhifadhi nakala za akiba za faili, za ofisi moja ambayo sitaitaja, zimechapwa na kupangwa vizuri ndani ya jalada la mkuu wa ofisi, na kila moja inaishia kwa maneno yale yale: Backup OK, yaani nakala imekamilika sawa. Mhasibu alikuwa akitafuta jedwali la mishahara lililofutwa kwa bahati mbaya, nalo halikuwamo katika nakala yoyote, kwa sababu fundi aliyepewa kazi ya kufunga mfumo aliiacha FileSet, yaani orodha ya faili za kunakiliwa, kama alivyoikuta. Walioizoea Bacula wameshaelewa. FileSet ile, ambayo kwa kejeli ya aina yake imepewa jina la Full Set, katika Debian, aina mojawapo ya Linux, huelekezwa kwenye /usr/sbin, folda ya programu za mfumo, na maelezo yaliyomo ndani ya faili la mipangilio lenyewe, bacula-dir.conf, yanasema wazi kwamba imewekwa hivyo kwa ajili ya majaribio ya mwanzo tu. Kila usiku, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, ofisi ilikuwa ikihifadhi programu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua upya bure.

Nakiri, shingo upande, kwamba fundi huyo hakuwa mbumbumbu. Nenosiri la sehemu ya Client (kompyuta inayonakiliwa) kwenye Director, programu inayoongoza kazi zote, lililingana na lile la faili la mipangilio la bacula-fd.conf katika kila kompyuta, poti za 9101 hadi 9103 ambazo Bacula huwasiliana kupitia kwazo zilikuwa wazi, na kwenye anwani ya Storage, mahali nakala zinapowekwa, hakuandika localhost (yaani “kompyuta hii hii”), kosa ambalo huifanya kompyuta ya mteja ijitafute yenyewe badala ya kuitafuta seva. Hayo ndiyo yanayowatoa jasho wengi, na yeye aliyamaliza. Tatizo ni kwamba mashine zilipoanza kuzungumza, alihesabu kazi imekwisha, ilhali swali la nini kihifadhiwe, ambalo ndilo sababu ya mfumo kuwekwa, hakumuuliza mtu yeyote.

Tena si lazima uiache FileSet ya majaribio ndipo uangukie shimoni. Wapo wanaojiona waangalifu, wakaandika File = /, yaani folda mama ya zote, wakiamini kwamba mstari huo mmoja umekusanya kompyuta nzima, wakati Bacula, usipoiambia vinginevyo, huchukua onefs, mpangilio wa kubaki ndani ya mfumo mmoja wa faili, kuwa yes na haivuki kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. Kama /home, folda ya kazi za watumiaji, iko kwenye patisheni yake, yaani sehemu ya diski iliyotengwa yenye mfumo wake wa faili, kama ilivyo katika seva nyingi zilizopangwa kwa akili, kazi za watu zote zinabaki nje. Programu haifichi jambo hilo: ndani ya ripoti kuna mstari unaotaja kwamba /home ni mfumo mwingine wa faili na kwamba haitaingia humo. Lakini mstari huo huandikwa kama taarifa ya kawaida, wala si onyo, kisha chini kabisa inakuja ile Backup OK ambayo bosi amefundishwa kuitazama. Bacula inasema kweli, imemaliza ilichoagizwa. Anayedanganya ni yule anayechukua neno hilo la programu na kulifanya dhamana ya ofisi nzima.

Utaniambia kwamba mipangilio inayokuja na programu imewekwa na watu wanaojua zaidi yetu. Ni kweli, na watu hao hao wameandika humo humo kwamba ibadilishwe. Hawakumjua mhasibu wetu, wala hawakujua kwamba seva ya mapokezi ina hifadhidata ya MySQL inayofanya kazi usiku kucha, ambayo faili zake hazifai kunakiliwa hivi hivi bila mysqldump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, kutangulia. Wala hawakujua kwamba mkaguzi huja baada ya mwaka, wakati File Retention ya kawaida, yaani muda wa kutunza kumbukumbu za faili zilizonakiliwa, ni siku 60, na zikishapita na kumbukumbu hizo zikapogolewa, huwezi tena kuchagua faili moja kwenye orodha. Mara nyingi utaishia kurejesha nakala nzima ya usiku ule hata kama unatafuta ukurasa mmoja.

Dawa ipo, nayo haihitaji bajeti. Amri ya estimate ndani ya bconsole, sehemu ya kuiandikia Bacula amri, ikiongezewa neno listing, huorodhesha kila faili litakalochukuliwa bila kunakili hata moja. Iendeshwe kwa kila kompyuta, na kila mwenye kazi akae na fundi kutafuta humo majina ya folda anazozitumia, hasa zile zilizo kwenye diski ya pili ambazo hakuna anayezikumbuka. Kisha mhasibu achague mwenyewe faili moja, lirejeshwe mbele yake na alifungue. Asipoliona, hati ya malipo ya fundi isisainiwe, hata akija na ripoti mia za Backup OK.