Beringi ya yoyo: angalia dawa inaacha nini ikikauka

Kila anayeingia kwenye yoyo isiyorudi kwa kuvutwa atafika siku ya kuuliza aoshe beringi kwa dawa gani. Majibu atakayopewa ni ya kila namna: petroli, mafuta ya taa, dawa ya kutoa rangi ya kucha, hata sabuni ya vyombo. Wote hao wanaangalia kama grisi itatoka. Mimi naangalia kinachobaki ndani dawa ikishakauka.

Beringi nyingi mpya huja na mafuta au grisi ya kuzuia kutu. Kwenye mashine haina neno, lakini kwenye yoyo uzito ule huzuia gololi zisikimbie, na ukivuta uzi kidogo tu yoyo inakupandia kabla mtindo haujaisha. Sisi tunataka izunguke huko chini mpaka tuipigie baindi wenyewe, yaani tukunje uzi ushike ndani ili irudi mkononi. Beringi ya saizi C, ambayo yoyo nyingi za leo zinaitumia, ina kipenyo cha milimita 12.7 kwa nje na 6.35 kwa ndani. Utando kidogo tu humo unasikika mkononi.

Ndiyo maana mafuta ya taa siyakubali: yanatoa grisi, halafu yanaacha mafuta yake. Dawa ya kucha mara nyingi imetiwa vilainishi na manukato. Jeli ya mikono ina gliserini. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi, na beringi ya chuma kisicho cha pua itashika kutu ikichelewa kukauka. Petroli isiingie ndani ya nyumba kabisa. Mvuke wake hutambaa sakafuni hadi kwenye moto wa jiko, na una benzini, ambayo husababisha saratani.

Ninachotumia ni waiti spiriti ya duka la rangi kuyeyusha grisi, kisha nasuuza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Asetoni halisi nayo inafaa, ila isiguse yoyo ya plastiki, maana polikaboneti hupasuka nyufa. Fungua dirisha, zima moto wowote ulio karibu.

Kabla ya yote, toa vifuniko vya pembeni. Wengi huruka hatua hii, wakaitosa beringi nzima, halafu wakalaumu dawa. Utaona pete nyembamba ya waya iliyokatwa sehemu moja. Ingiza ncha ya sindano kwenye ile ncha ya waya, inua, huku kidole cha mkono wa pili kimeifunika isiruke. Kifuniko kitadondoka na gololi zitaonekana. Tia beringi kwenye chupa ndogo ya kioo, tikisa taratibu, na dawa ikigeuka kijivu ibadilishe. Iache ikauke juu ya kitambaa. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa, mwendo ule unaumiza gololi kavu.

Wapo wanaoishia hapo na kucheza kavu. Sikubaliani nao. Beringi kavu hupiga kelele na kulika mapema. Chovya sindano kwenye mafuta ya cherehani, gusisha gololi moja, basi. Ikirudi kwa kuvutwa, umezidisha kidogo; icheze tu, itaachia. Na kama bado inarudi baada ya muda, kagua uzi na pedi, vile vipande vya pembeni mwa beringi vinavyoshika uzi, kabla hujaiosha tena.