Fedha za bima zimeingia, usinunue mabaki ya mwenzako

Gari likishatangazwa na bima kuwa hasara kamili, yaani kulitengeneza hakulipi, mwenyewe huwa na haraka. Watoto wanakwenda shule kwa bajaji, kazini anachelewa, na kila ndugu ana dalali wake wa kumpendekeza. Haraka hiyo madalali wanaijua vizuri. Ndiyo maana mtu aliyelipwa juzi kwa gari lililokufa anaweza leo kuuziwa gari jingine ambalo nalo liliwahi kufa, likazikwa kwenye makaratasi ya bima, kisha likafufuliwa gereji.

Njia yenyewe haina siri. Kampuni ya bima ikishamlipa mteja inabaki na mabaki, nayo huyauza, mara nyingi kwa zabuni. Anayenunua ni fundi au mfanyabiashara wa magari, na hajavunja sheria yoyote. Bodi inanyooshwa, pua ya mtumba inachomelewa, puti ya kujazia mabonde na rangi zinapigwa, tundu la eabegi (mfuko wa hewa unaofyatuka kwenye ajali) linafunikwa, na gari linarudi yadi likiwa na namba ileile na kadi ileile. Kadi yetu ya usajili haina mahali panapomwambia mnunuzi kwamba gari hili bima walishalifuta. Uingereza, tangu 2017, magari ya namna hiyo huwekwa kwenye makundi A, B, S na N: A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kabisa, S ni yale yaliyoumia kwenye mifupa, N ni yale ambayo mifupa haikuguswa. Kwetu Tanzania, mamlaka ya mapato, TRA, wana mfumo wa usajili, na mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA, wana mfumo wa bima, yote ni ya kielektroniki. Mstari mmoja kwenye kadi ungetosha. Mpaka uandikwe, kazi hiyo ni ya macho ya mnunuzi.

Kwa hiyo ushauri wangu unapingana na wa mafundi wengi, ambao wakifika kwa muuzaji hufungua boneti kwanza na kusikiliza injini. Anza na bodi na karatasi, injini iwe mwisho. Injini ya 1NZ ya Toyota IST ikifa, ya mtumba utaipata Gerezani au Ilala, Dar, na fundi ataifunga. Chesisi iliyopinda huna pa kuinunulia.

Kabla ya hapo, hesabu. Wengi hudhani watalipwa kiasi kilichoandikwa kwenye bima. Kwa kawaida unalipwa thamani ya gari sokoni siku ya ajali au kiasi ulichokatia bima, chochote kilicho kidogo, halafu inatolewa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Kama gari lilikuwa na mkopo, benki inalipwa kwanza. Tuseme ulikata bima ya milioni 14, mthamini akasema sokoni lilikuwa na thamani ya milioni 12, na eksesi ni asilimia 5. Mkononi inaingia milioni 11.4. Ukiona thamani aliyotoa mthamini ni ya chini mno, usisaini hati ya kukubali malipo. Kusanya bei za magari ya mwaka huo, modeli hiyo na hali hiyo, uwaandikie bima. Mkishindwana, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kwa ajili hiyo. Ukishasaini, mlango umefungwa.

Jambo jingine ambalo huwashtua watu: bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, ikishalipa hasara kamili inakuwa imemaliza kazi yake. Miezi iliyobaki hairudishwi wala haihamii kwenye gari jipya. Utakata upya. Kwa gari binafsi la milioni 9.5, kwa kiwango cha asilimia 3.5, ni shilingi 332,500, na VAT ya asilimia 18 inafikisha 392,350. Ongeza ada za kuhamisha umiliki, wakili, matairi na oili zote. Mwenye milioni 11.4 atafute gari la milioni 9.5, na asimwambie dalali kiasi alicholipwa.

Hapo ndipo penye kishawishi. Milioni 11.4 inanunua IST nzuri, na pia inanunua X-Trail au Mark X iliyochoka. Mimi nasema chukua gari dogo lenye afya. Bei ya gari kubwa la zamani hushuka kwa sababu gharama zake hazikushuka: vipuri vinabaki na bei ya gari kubwa. Pia tusidanganyane na herufi za namba. "Ni namba E hiyo, kaka" maana yake gari limesajiliwa Tanzania hivi karibuni, basi. Linaweza kuwa limetengenezwa 2005. Mwaka wa kutengenezwa uusome kwenye kadi.

Sasa bodi. Nenda mchana, gari likiwa kavu na halijaoshwa muda huo, maana maji huficha tofauti za rangi. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti zinazoshika mafenda na bawaba za boneti. Kiwandani bolti hufungwa kwanza, rangi hupigwa baadaye, kwa hiyo rangi hufunika kichwa cha bolti bila kukatika. Ukiona pembe zimechubuka na chuma kinang'aa, fenda hilo limewahi kufunguliwa. Fenda moja si kosa, huenda liligongwa na bodaboda. Mafenda mawili, boneti, na ile fremu inayoshika rejeta vyote vikiwa vimefunguliwa, hiyo ni ajali ya mbele.

Kisha vuta ule mpira mweusi unaozunguka fremu ya mlango. Unatoka kwa mkono na kurudi kwa mkono. Chini yake kuna ukingo wa bati mbili zilizounganishwa na vidoa vidogo vya duara, vimepangwa kwa nafasi zinazolingana kama mshono wa cherehani. Ndiyo kazi ya roboti wa kiwandani. Ukikuta mstari wa welding, bonge la puti, au sehemu laini isiyo na kidoa hata kimoja, gari hilo limekatwa na kuunganishwa. Fanya hivyo milango yote minne na buti, kisha inua zulia la buti utazame sakafu ya tairi la akiba. Bati la pale likiwa na mikunjo au rangi ya brashi, lilipigwa nyuma.

Kipimo cha unene wa rangi kinasaidia sana; fundi rangi wa maana anacho. Rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 80 na 150 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Mia mbili hadi mia tatu ni rangi iliyorudiwa. Ikifika 500 na kuendelea, unapima puti. Bampa zisikusumbue, ni za plastiki. Zingatia paa na nguzo za milango: paa lenye puti ni dalili ya gari lililopinduka.

Eabegi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote kwa sababu kuidanganya ni rahisi. Washa switchi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, izime. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa. Ikibaki inawaka mpaka injini iwashwe, kisha ikazima sawasawa pamoja na taa ya oili au ya betri, wameiunganisha huko. Mkanda wa dereva uvute mpaka mwisho: ukigoma kutoka, au ukitoka ukiwa umelegea na haurudi, kuna uwezekano ulifyatuka siku ya ajali. Chini kabisa kwenye mkanda kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa 2011 kwenye gari la 2006 unahitaji maelezo. Namba za vioo ni vilevile. Vioo vyote vinatakiwa kuwa vya kampuni moja na mwaka unaokaribiana.

Mkanda huohuo unafichua gari lililozama. Dar ikipata mvua kubwa, Jangwani hujaa na magari hufikiwa na maji mpaka kwenye viti. Viti huoshwa, lakini sehemu ya mkanda iliyo ndani ya nguzo hubaki na mstari wa tope. Pia angalia reli za viti na soketi za nyaya chini ya zulia la dereva: kutu ya unga na chumvi ya kijani kwenye shaba. Gari la hivyo usilinunue hata kwa nusu bei. Linatembea leo, na baada ya miezi kadhaa umeme wake unaanza kukataa kimojakimoja.

Lifikishe pia kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima pembe za magurudumu, uombe karatasi ya vipimo vya magurudumu yote manne. Magari kama Vitz, IST na Fit nyuma yana mhimili mmoja ambao haurekebishwi kwa bolti. Vipimo vya nyuma vikiwa nje sana, ama mhimili umepinda ama bodi yenyewe, na fundi akikuambia "nitaiweka sawa" muulize ataiweka sawa wapi.

Karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na kibati cha kiwandani na kadi, herufi kwa herufi, na bati linalozunguka namba hiyo lisiwe na welding. Kadi iwe halisi, ya jina la anayeuza, ilingane na kitambulisho chake cha NIDA. "Kadi iko kwa mke wangu mkoani" mara nyingine maana yake kadi iko kwa mkopeshaji. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA. Kisha muulize muuzaji waziwazi, na jibu liingie kwenye mkataba mbele ya wakili: gari hili halijawahi kulipwa na bima kama hasara kamili. Anayesita kusaini sentensi hiyo amekuokolea fedha.

Habari ya injini ni fupi. Iguse kabla ya kuwashwa, iwe baridi. Iliyopashwa moto mapema inaficha jambo. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji yanaingia ndani. Kifuniko cha oili kikiwa na uji wa rangi ya maziwa, ondoka. Kuwa makini na injini za 1AZ-FSE, zile D4 za Noah na RAV4, zinajaa masizi kwenye njia za hewa. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki za mkanda zisizo na gia za hatua, kama kwenye X-Trail ya toleo la T31 na IST za toleo la NCP110, zinataka oili yake maalumu. Aliyetangulia akiweka oili ya kawaida ya otomatiki, gari litakataa mlima likishapata joto. Kwa hiyo uliendeshe si chini ya dakika 30, uingie na kwenye mlima.

Je, uagize Japani? Kwa upande wa bodi, ndiyo, kwa sababu kule kuna karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari. Daraja la 4 au 3.5 linafaa, R au RA ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kutengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ithibitishe karatasi hiyo kwa namba ya chesisi kwa mtu asiye muuzaji, maana za kughushi zipo. Ila kodi ijumlishe kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, ambacho hutumia thamani yao wala si ankara yako, na kumbuka gari lenye umri wa miaka minane au zaidi lina ushuru wa ziada wa uchakavu.

Gari la yadi nalo lina ushahidi wake wa Kijapani. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye fremu: vibandiko vya kubadilisha oili mara nyingi huachwa pale, na tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao, kwa hiyo mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei ni 2008. Kibandiko kikisema kilomita 118,000 mwaka 2015 na dashibodi inasema 86,000 leo, umeshajua yanayobaki.

Ukiridhika, mwite mkaguzi wa kampuni itakayokukatia bima alione gari kabla hujalipa. Kampuni nyingi husita kuchukua bima kubwa kwa gari lililounganishwa au lenye umri mkubwa, na kukataa kwao ni ukaguzi wa bure. Kata bima kwa thamani halisi ya sokoni, maana ukizidisha unalipia fedha ambazo hutalipwa. Stika iwe hai kwenye mfumo kabla ufunguo haujabadilisha mikono.