Laki Sita za Kutazama Ukungu

Mimi ni mtu wa Marangu. Nyumbani ukitoka chooni asubuhi unakutana na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, uso kwa uso, bure, hakuna wa kukudai tiketi. Miaka hamsini na miwili sijawahi kupanda kupita getini, na hapo getini penyewe nilikwenda kumsindikiza mjomba aliyekuwa mpagazi. Wazungu wanatoka kwao, wanaupanda, wanarudi na midomo imepasuka, sisi tunawauzia ndizi. Sasa ilikuwaje nikaenda hadi Uswisi kupelekwa kwenye baridi kwa zaidi ya laki sita?

Ni shemeji. Dada yangu ameolewa na Mpare, wanaishi Zurich, nami nilikwenda kuwasalimia tu. Mtani wangu huyu akaninunulia tiketi ya safari ya siku moja kwenda Jungfraujoch, stesheni ya treni iliyo juu kwenye milima ya Alps, halafu risiti akaitia mfukoni kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani. Kila nikipiga miayo ndani ya basi: "Shem, faranga mia mbili na ushee hizo. Usilale."

Msafara ulikuwa na kiongozi, dada mmoja mwenye mwavuli mwekundu anaounyanyua ili tumfuate. Na dakika zake! "Tukutane hapa saa tano na dakika kumi na saba." Kumi na saba! Mimi nimetoka mahali ambapo saa nne ni kipindi chote cha kati ya chai na chakula cha mchana.

Grindelwald, pale stesheni, kuna skrini inayoonyesha hali ya huko juu moja kwa moja. Nikaitazama. Nyeupe. Nikamgusa shemeji: "Mbona runinga yao haina picha?"

Akaangalia pembeni. "Hiyo ndiyo picha, shem."

Nikamwambia basi turudi nyumbani tukanywe chai. Akaupapasa mfuko wa risiti.

Unapanda kibanda kinachoning'inia kwenye nyaya, robo saa hivi, kisha treni inazama ndani ya mwamba, chini ya milima Eiger na Mönch, karibu kilomita saba za giza. Hapo natoa heshima. Walianza kuchimba mwaka 1896. Tajiri mwenye wazo lake, Adolf Guyer-Zeller, alifariki 1899 kazi ikiwa bado mbichi. Nia yake ilikuwa kufika kileleni kabisa pa Jungfrau, mita 4,158. Pesa zikakata. Wakaishia shingoni, kati ya Jungfrau na Mönch, mita 3,454, wakafungua stesheni mwaka 1912. Niliposikia hayo nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nina nyumba Himo imeishia kwenye lenta tangu 2011, na mke wangu ananisimanga kila Krismasi. Kumbe hata Waswisi! Ila wenzetu lenta yao wameiwekea kiingilio.

Lakini ngoja. Umesikia hapo? Shingoni. Nimelipia kilele, nimepewa shingo.

Na hiyo shingo ikanitoa jasho. Kwetu, kituo cha Horombo kiko mita 3,720, juu zaidi ya pale, na wapagazi wanafika na mizigo ya kilo ishirini huku wanaimba. Mimi nilifika nimekaa kwenye kiti, nikapanda ngazi nne nikaona nyota. Kilimanjaro unaambiwa "pole pole" kutwa nzima ili mwili uzoee. Huku, chini ya saa moja wamekuchomoa bondeni, wamekutupa mahali ambapo hewa imepungua karibu theluthi, na mwenye mwavuli anasema twende, twende. Miguu ikawa pamba. Nikashika ukuta. Bibi mmoja wa Kikorea, rika la mama yangu, akanipita na kikombe chake cha tambi za moto, ananitazama kwa huruma. Shemeji akauliza kwa sauti, bahati nzuri kwa Kiswahili: "Wewe si Mchagga wa mlimani?"

Nikamwambia nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Tukapandishwa lifti ya mita 108 hadi kwenye roshani ya Sphinx. Kiongozi akanyoosha mwavuli: "Kule ni barafu ya Aletsch, ndefu kuliko zote katika Alps, zaidi ya kilomita ishirini." Nyeupe. Akageuka: "Na kule Jungfrau." Nyeupe ileile. Watu wakapiga picha. Nikapiga na mimi, laki sita si mchezo, ingawa ile moja ingetosha kuandikwa majina yote.

Kisha tukaingizwa ndani ya barafu yenyewe, kwenye kumbi ambazo waongoza wapanda milima walianza kuzichonga kwa mikono mwaka 1934. Ukuta barafu, sakafu barafu, wanyama wa barafu. Hapo nilikaribia kusamehe, mpaka kiongozi aliposema kwamba joto la miili ya wageni linayeyusha, kwa hiyo inabidi papoozwe, nyuzi 3 chini ya sifuri. Nikamwomba arudie. Ndiyo hivyo. Juu ya mlima wa barafu wanapoza barafu, kwa sababu mimi nimekuja kuitazama. Yaani kajoto kangu, nilikokalinda kwa majaketi matatu tangu alfajiri, ndiko kanakoharibu.

Shemeji akanipiga picha nimeegemea ukuta ule. Jioni ndani ya basi nikaituma kwenye kundi la familia. Mdogo wangu akajibu kwa picha aliyoipiga dakika hiyohiyo mlangoni kwa mama: Kibo yote, hakuna hata kiwingu, mbele kuku wanadonoa.

Halafu ikaingia sauti ya mama. "Baba, mbona umesimama ndani ya friji la bucha? Umepata kazi huko?"