Ofa ya Pizza Mbili na Uongo wa Dakika Tano

Ukitaka kujua jinsi mikahawa ya pizza ya Nairobi inavyotuchukulia, usiende siku ya kawaida. Nenda siku ya ofa, ile ya kulipia moja upewe mbili, saa kumi na mbili jioni watu wanapotoka kazini. Lipa, chukua risiti yenye namba, kisha uliza itachukua muda gani. Utajibiwa, "Dakika tano tu, boss." Rudi kuuliza baada ya nusu saa, utapewa tano zile zile.

Watu wengi hulalamika kuhusu wahudumu wanaonuna, wasiosalimu, wanaokusukumia sanduku huku wakiangalia pembeni. Kununa hakunisumbui. Msichana aliyesimama tangu asubuhi anaruhusiwa kununa, na tabasamu la kufundishwa kwenye semina silihitaji ili chakula kishuke. Ninachokataa ni kudanganywa kuhusu muda wangu. Na kadiri ninavyouchunguza uongo huo, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hauzaliwi pale kaunta.

Juzi nilikuwa katika tawi moja la katikati ya jiji. Kaunta nzima ilikuwa na mhudumu mmoja. Anapokea pesa, anajibu simu, anagawa vipakiti vya tomato na pilipili, anaita namba kwa sauti iliyokwisha kukauka. Vijana wa boda wanaotumwa na programu za chakula waliingia na mabegi yao ya mraba, wakaonyesha simu, wakabeba masanduku na kutoka, huku sisi tuliofika kwa miguu tukitazamana. Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na foleni ya pili, iliyomo ndani ya skrini, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikisonga. Baba mmoja mwenye tai alipigiwa simu na watu wa nyumbani. Akawajibu: "Nimeshalipa, nitaondokaje?" Sijasikia mtu akiieleza biashara hii vizuri zaidi. Pesa huingia M-Pesa kwa sekunde, na ikishaingia, mteja hana tena cha kumfanya aharakishiwe.

Namba yangu ilipoitwa, pizza ilikuwa imepoa. Iliiva mapema, ikawekwa kwenye rafu, na hakukuwa na mtu wa kuita. Ya pili niliiagiza ya uyoga, nikapewa ya nanasi. Nanasi juu ya jibini tutalijadili siku nyingine.

Sasa tuzungumze kuhusu oveni, maana hapo ndipo udhuru wote unapoporomoka. Mikahawa mingi ya aina hii haioki pizza kwa kukisia. Inatumia oveni ya mkanda: mkanda wa chuma unaotembea polepole, pizza ikiingia mbichi upande huu na kutokea upande ule imeiva, kwa dakika sita au saba hivi. Mwendo wa mkanda umepangwa na upana wake haubadiliki. Kwa hiyo idadi ya pizza zinazoweza kutoka kwa saa moja inajulikana kabla mlango haujafunguliwa. Siku ya ofa kila oda ni pizza mbili, na oda zote zinaonekana kwenye skrini ya jikoni. Zidisha, gawanya, umepata muda wa kusubiri. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Kampuni inayoweza kukutumia ujumbe wa ofa kwenye simu alfajiri haiwezi kudai kwamba hesabu hiyo imeishinda. Imeamua tu kutoifanya mbele yako, kwa sababu ukiambiwa "saa moja na robo" kabla ya kulipa, huenda ukavuka barabara ukale chipsi kuku.

Aliyepanga ofa bila kuongeza watu wala oveni yuko ofisini, hasikii kelele. Anayeachiwa uongo autamke ni yule msichana, na anayepigiwa kelele ni yeye. Tena siku hizi kuna wateja wanaomrekodi kwa simu na kumwanika mtandaoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeununua ule mkanda. Huo ni uonevu, hata kama njaa yako ni ya haki.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha ahadi ya zamani ya Domino's: pizza ikufikie ndani ya dakika 30 au uipate bure. Sikubaliani nao. Huko Marekani ahadi hiyo ilifutwa mwaka 1993, baada ya baraza la mahakama mjini St. Louis kuamua kwamba mwanamke aliyegongwa na dereva wa kampuni hiyo alipwe zaidi ya dola milioni 70. Ahadi ya muda ilikuwa imehamishiwa kwenye mguu wa dereva. Ukiileta Nairobi, atakayeilipia ni kijana wa boda anayekatiza taa nyekundu Ngong Road mvua ikinyesha, na pizza yangu haina thamani hiyo. Sitaki niharakishiwe. Nataka niambiwe ukweli, nami niamue.

Na hilo si ombi la hisani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anacholipia. Muda wa kusubiri kwenye mkahawa unaojitangaza kwa haraka yake ni habari ya namna hiyo hasa. Bei imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ofa imeandikwa kwa kubwa zaidi. Skrini moja yenye idadi ya oda zilizo mbele yako ingegharimu kiasi gani? Wanazo skrini tatu tayari, zote zinaonyesha picha ya jibini likivutika.

Nilipouliza kuhusu kurudishiwa pesa za ile pizza ya nanasi, niliambiwa mwenye idhini ni meneja, na meneja ametoka kidogo. Mhudumu anaweza kupokea pesa za mtaa mzima lakini hawezi kurudisha shilingi mia nane. Hiyo nayo imepangwa na mtu.

Siku hizi, kabla sijatoa simu kulipa, namuuliza mhudumu, "Dada, mbele yangu kuna oda ngapi?" Wengine hushangaa, mmoja alicheka, lakini wengi huangalia skrini na kunitajia. Akiniambia ni saa nzima, na ikawa kweli saa nzima, nitalipa, niende zangu sokoni kununua sukuma na nyanya, kisha nirudi. Kwa mkahawa wa namna hiyo nitarudi hata siku isiyo na ofa.